PICHA ZA KUIGIZWA NA HISTORIA YA TAIFA: MFANO WA SAMUEL FOSSO

Aghalabu picha huchukuliwa kuwa shahidi asiyesema uongo, ilhali tamthilia hujulikana wazi kuwa ni kazi ya ubunifu. Makala haya yanachunguza sanaa iliyo baina ya hizo mbili, yaani picha ya kuigizwa, ambamo msanii huteua mhusika, maleba na mandhari kabla ya kupiga picha. Je, uigizaji unaokiri kuwa ni uigizaji waweza kuihoji historia rasmi?

Samuel Fosso alizaliwa Kamerun mwaka 1962, akakulia Nigeria, na baada ya vita vya Biafra akahamia Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati. Huko alifungua studio mwaka 1975 akiwa na miaka 13. Filamu iliyosalia baada ya kuwahudumia wateja aliimaliza kwa kujipiga picha mwenyewe.

Mwaka 1997 alijigeuza chifu aliyeiuza Afrika kwa wakoloni. Ameketi amejifunika ngozi ya chui, kajipamba mikufu na miwani ya jua, huku akishika maua ya alizeti. Kinaya ni dhahiri: utukufu wa mtawala ndio ushahidi dhidi yake, na lawama haimwangukii mgeni pekee.

Mwaka 2008 aliigiza mashujaa, wakiwemo Lumumba, Nkrumah na Angela Davis. Kwa Martin Luther King, aliiga picha ya polisi wa Montgomery ya mwaka 1956, nambari ikiwa kifuani. Hapa pana funzo kubwa. Picha ile ya awali nayo ilipangwa: mtu alionyeshwa pa kukaa, akavishwa nambari, akaamriwa aitazame kamera. Tofauti ni kwamba polisi hawakukiri kuwa wanaongoza mchezo.

Isitoshe, mwaka 2013 Fosso alivaa sare za askari Waafrika walioipigania Ufaransa katika vita viwili vya dunia. Mfululizo huo aliuita *Allonzenfans*, yaani maneno ya mwanzo ya wimbo wa taifa la Ufaransa yaliyoandikwa jinsi yanavyosikika. Swali linalozuka ni hili: wana wa nchi wanaoitwa katika wimbo huo ni akina nani?

Nasi Wakenya tunaijua picha ya Dedan Kimathi ya mwaka 1956, akiwa amelala kwenye machela, pingu mikononi. Serikali ya kikoloni iliieneza ili kutangaza ushindi wake. Mwaka 1976, Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Mũgo walimwinua Kimathi, wakampa kauli katika tamthilia. Tamthilia hiyo tunaihakiki madarasani, lakini picha ile tunaipokea kama ilivyo. Yafaa basi tuiulize picha maswali yale yale tunayoiuliza tamthilia: nani mtunzi, nani kanyimwa sauti, na hadhira ilikusudiwa iamini nini?