Kukabia Juu: Rahisi Kuanza, Ghali Kuendesha

Kati ya mbinu zilizoandaliwa tayari ndani ya Football Manager 2024, inayovuta wengi ni Gegenpress, soka la presha ambalo Jürgen Klopp aliliwekea jina kubwa akiwa Borussia Dortmund, mabingwa wa Ujerumani 2011 na 2012. Kuichagua ni bure. Mabeki wanapanda, fowadi anamkimbilia hadi kipa wa wapinzani, na mpira ukipotea unasakwa papo hapo. Hata timu isiyo na nyota hufunga, maana mpinzani anaporwa mpira akiwa bado langoni kwake.

Bili inakuja kwenye mishahara. Sifa za mchezaji hupimwa kwa alama 1 hadi 20, na mbinu hii inataka pumzi, bidii na moyo wa timu viwe juu kwa wachezaji wote 10 wa ndani. Mabeki wa kati nao lazima wawe na mbio, na beki wa kati mwenye mbio anayesoma mchezo vizuri hapatikani kwa bei ya kutupa. Hapo bado hujasajili wa benchi, ambao wasipolingana na wanaoanza, presha inakatika. Angalia alama ya moyo inayoonyesha uchovu wa winga wako dakika ya 65: imeshabadilika rangi, harudi tena kukaba, na pasi moja ndefu nyuma ya mabeki inawaacha wanakimbizana na fowadi kuelekea golini. Ratiba ikibana, majeruhi ndio wanaokupangia kikosi.

Mbinu mbadala, mashambulizi ya kushtukiza, inagharimu kidogo. Mabeki wanakaa chini, hivyo hata wazito wanafaa, na hela inabaki kwa watu wawili au watatu wa mbele wenye kasi. Shida ni timu ndogo inapokuja kupaki basi: hakuna pa kukimbilia, na sare zinakula pointi.

Mwenye klabu tajiri anunue presha bila kusita. Klabu ya daraja la chini, mimi ningeiacha ikabie juu nyumbani tu, mstari wa mabeki ukiwa umeshushwa ngazi moja, na kasi ipunguzwe ikishaongoza. Ligi ikiruhusu mabadiliko 5, mawinga na mabeki wa pembeni watoke mapema, kuanzia dakika ya 60, hata kama wanacheza vizuri.