Utumwa Ulivyoigawa Nyumba: Funzo Kutoka Ziwani Kwetu



Ukiteremka kutoka milima ya Mbinga kwenda Mbamba Bay, Liuli au Lituhi, utaliona Ziwa Nyasa limetulia, wanawake wakianika dagaa na watoto wakichota maji. Ni vigumu kuamini kwamba katika maji haya haya walivushwa watu waliofungwa makongwa shingoni, wakaanza safari ya miguu hadi Kilwa.

Daktari Livingstone alilifikia ziwa hili mwaka 1859. Baadaye aliandika aliyoelezwa na Kanali Rigby, mwakilishi wa Uingereza huko Unguja: kwamba watumwa 19,000 kutoka nchi za Nyasa peke yake walipita kila mwaka katika forodha ya Unguja. Waliofia njiani hawakuwemo katika hesabu hiyo.

Tusidhani kwamba wageni ndio waliokosa peke yao. Wapo watawala wetu waliouza watu. Vita vya Wangoni viliteka wanawake na watoto, na Wamatengo wakakimbilia milimani, ambako mashimo yao ya ngoro yanalisha familia hata leo.

Karonga: faida ilipofumba macho

Mwaka 1878 Wakristo wafanyabiashara wa Scotland walianzisha Kampuni ya Maziwa ya Afrika. Walitumaini kwamba biashara halali ingeua biashara ya watu. Lakini kule Karonga, kaskazini-magharibi mwa ziwa, kampuni hiyo ilinunua pembe za ndovu kwa Mlozi, mfanyabiashara wa pembe na watumwa. Biashara hizo mbili zilikwenda pamoja, maana mara nyingi aliyebeba pembe begani alikuwa mtumwa.

Kwa muda palikuwa na amani ya kunyamaziana. Kisha, mwaka 1887, Mlozi alijitangaza sultani wa nchi ya Wangonde. Watu wake waliwashambulia Wangonde waliojificha katika matete ya Kambwe. Matete yakachomwa moto, na waliokimbilia majini wakakutana na mamba. Vita kati ya Mlozi na kampuni vikaendelea hadi mapatano ya mwaka 1889, vikazuka tena, na mwaka 1895 Mlozi akakamatwa na kunyongwa. Neno la kweli lililocheleweshwa kwa ajili ya faida lililipiwa na watu wasio na hatia.

Marekani: kanisa lilitangulia kupasuka

Hebu tuangalie na Marekani. Mwaka 1860 nchi ile ilikuwa na watumwa karibu milioni 4. Watu wa kusini walisema mashamba ya pamba hayawezi kwenda bila wao, na wengi wa kaskazini walikataa utumwa usienee katika majimbo mapya. Kila mwaka bunge lilitafuta maelewano, na kila mwaka chuki iliongezeka.

Linalotugusa sisi ni kwamba makanisa yalipasuka kabla ya taifa. Mwaka 1844 Wamethodisti waligombana juu ya Askofu James Andrew, ambaye watumwa walimfikia kwa njia ya urithi na ndoa. Yaani ugomvi uliingia kwa mlango wa nyumbani! Kanisa likagawanyika, kaskazini na kusini, na mwaka uliofuata Wabatisti wakafanya vivyo hivyo. Watu walioshindwa kushiriki meza moja ya Bwana wakaja kupigana kwa mizinga. Vita vya mwaka 1861 hadi 1865 viliua askari zaidi ya 600,000. Utumwa ulifutwa, lakini Wamethodisti hao hawakuungana tena hadi mwaka 1939, miaka 95 baada ya kuachana.

Na sisi, je?

Hapa Tanganyika sheria ilifuta utumwa mwaka 1922. Je, umefutika katika ndimi zetu? Tunapowatembelea wagonjwa na wazazi majumbani, tunasikia mara nyingine maneno ya posa: "Wale usiwaoe, bibi yao alikuwa mateka." Kijana na binti wanapendana, wote wamebatizwa, lakini ndoa inavunjwa kwa jambo lililotendeka zaidi ya miaka 100 iliyopita. Mama anayesema hivyo jikoni, watoto wanamsikia.

Tumtazame pia msichana wa kazi. Akiletwa mjini kwa ahadi ya shule, akanyimwa shule na mshahara, akalala wa mwisho na kuamka wa kwanza, tumwite nani? Sheria yetu ya mwaka 2008 inakataza usafirishaji haramu wa binadamu, lakini polisi hawaoni ndani ya jiko letu. Tunaoona ni sisi.

Mtume Paulo alipomrudisha Onesimo kwa Filemoni, alimwomba ampokee kama ndugu mpendwa. Basi tuanze hapo. Tukatae majina ya dharau mbele ya watoto. Posa ikija, tuulize tabia na imani ya kijana, tusiulize bibi yake alitekwa na nani. Msichana wa kazi apewe ujira wake, siku ya kupumzika na nafasi mezani. Na katika vikundi vyetu vya akina mama, jambo hili tulizungumze waziwazi, kwa upole, wakati bado ni maneno tu.

Mungu atujalie nyumba zisizogawanyika.