Taa moja ikizimika, gari lako huonekana kama bodaboda

Usiku, dereva anayekuja mbele yako akiona taa moja tu hudhani ni bodaboda. Anaamua kulipita lori lililo mbele yake, kumbe anayekuja ni gari zima na nafasi haitoshi. Ndiyo maana tunawakumbusha wasikilizaji wetu, hasa mnaopandisha Kitonga usiku, kukagua taa kabla ya kuondoka.

Washa taa zote, kisha zunguka gari. Kama uko peke yako, rudisha gari karibu na ukuta gizani, kanyaga breki na utazame mwanga ukutani. Indiketa za upande mmoja zikiwaka na kuzima haraka kuliko kawaida, mara nyingi balbu moja ya upande huo imeungua. Taa za breki zikigoma zote kwa pamoja, anza na fyuzi au swichi ya pedali kabla ya kununua balbu.

Unapobadilisha, zima taa na uache balbu ipoe. Nenda dukani na ile ya zamani, ulinganishe volti, wati na kitako. Balbu ya H4 ya kawaida ni volti 12, wati 60/55. Ukiweka yenye wati nyingi zaidi, soketi na waya vinaweza kuungua. Kioo cha balbu ya halojeni usikiguse kwa vidole, maana mafuta ya ngozi huifanya iungue mapema. Tumia kitambaa safi.

Ukimaliza, washa ujaribu kabla ya kufunga boneti. Na balbu ya akiba isikose garini.