Hatua ya Sita: Mahali Ushirika Unapopimwa

Mkristo anaweza kushiriki Misa kila Dominika kwa miaka mingi, kisha akaugua wiki mbili bila hata mmoja wa wale anaokaa nao benchi moja kujua. Wanapokea Ekaristi ile ile, lakini hawajuani majina. Ndugu msomaji, je, ushirika wa namna hiyo unatosha?

Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 2, kinawatambulisha waamini wa kwanza wa Yerusalemu kwa mambo manne: mafundisho ya mitume, ushirika, kuumega mkate na sala. Mwinjili Luka anauonyesha ushirika huo mezani na mfukoni. Walikula pamoja majumbani mwao, na wenye mali waliuza ili wahitaji wapate riziki.

Maaskofu wa AMECEA walirudi kwenye chemchemi hiyo walipokutana Nairobi mwaka 1973. Waliona kwamba maisha ya Kanisa yajengwe juu ya jumuiya ndogo, pale watu wanapoishi na kufanya kazi. Mwaka 1976 wakaufanya ujenzi wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo kuwa kipaumbele cha kichungaji. Baada ya Sinodi ya Afrika ya 1994, Mtakatifu Yohane Paulo II, katika Wosia wa Kitume Ecclesia in Africa (1995), alilieleza Kanisa kuwa Familia ya Mungu. Na katika familia, asiyekuwepo mezani huulizwa yuko wapi.

Jumuiya nyingi hutumia hatua saba za kushirikishana Injili, njia iliyoenezwa na Taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini. Tunamkaribisha Bwana, tunasoma, tunarudia maneno yaliyotugusa, tunakaa kimya, tunashirikishana, tunapanga kazi ya kufanya, kisha tunasali. Hatua ya sita, ile ya kupanga kazi, ndiyo hurukwa kwa urahisi. Muda umekwisha, michango inakusanywa, matangazo yanasomwa, watu wanaagana. Neno limesikika, lakini halijapata miguu.

Maswali ya hatua hiyo ni madogo: Nani hajaonekana wiki hii? Nani atakwenda kumwona mgonjwa, na siku gani? Yule mjane amepata wa kumlimia? Jumuiya isiyouliza hivyo hugeuka ofisi ya barua. Mtu huitafuta anapotaka kubatiza mtoto au kufunga ndoa, kisha hutoweka. Tusimlaumu haraka, huenda hakuna aliyewahi kubisha hodi kwake.

Akina baba nao wajiulize. Katika jumuiya nyingi, sala na kutembelea wagonjwa vimeachiwa akina mama, wakati ubatizo tulioupokea ni mmoja.

Kwenu waseminari, likizo ni shule. Kaeni mkekani pamoja na waamini, sikilizeni zaidi ya kufundisha, na mchukue kazi moja ya hatua ya sita kama mwanajumuiya yeyote. Atakayekuwa paroko kesho anahitaji kujifunza leo kuwa ndugu.

Basi, jumuiya yako itakapokutana tena, msifunge sala kabla hayajatajwa mambo matatu: nani atatembelewa, nani atakwenda, na siku gani.