Fahamu: Mkandarasi wa Zombe na gharama za utafiti

Mkandarasi anayejenga Zombe, mashariki mwa Kitui, hujaribu mambo mengi: matofali ya udongo uliochanganywa na saruji, au msingi wa bwawa la mchanga kwenye mto wa msimu. Majaribio hayo yana gharama, na Sheria ya Kodi ya Mapato ya Kenya, kifungu cha 15, inaruhusu gharama za utafiti wa kisayansi unaohusu biashara zitolewe kwenye mapato kabla ya kodi kukokotolewa. Fedha zinazolipwa chuo au taasisi iliyoidhinishwa ifanye utafiti huo nazo zimo.

Kampuni hutozwa asilimia 30 ya faida. Ukitumia shilingi 1,000,000 kupima udongo na mchanganyiko mpya, kodi hupungua kwa 300,000. Ujenzi wa kawaida hauhesabiwi kuwa utafiti.

Kikwazo kikubwa ni kodi ya mauzo ghafi, asilimia 3 kwa mauzo ya mwaka ya kati ya shilingi milioni 1 na 25. Humo hakuna gharama inayokatwa, na wakandarasi wadogo ndio huumia. Lakini unaweza kumwandikia Kamishna wa kodi ujiondoe, kisha uwasilishe ritani kwenye iTax, mfumo wa kodi wa mtandaoni. Ripoti za maabara na risiti zitunze miaka 5.