Kupumzika Juu ya Kayaki Bila Kupinduka

Wengi wanaojifunza kayaki katika Ghuba ya Mwanza huogopa kupinduka wanapopiga kafi. Kumbe wengi huyumba pale wanapoacha. Kila pigo la kafi humpa mtu mahali pa kuegemea; akilipakata kafi ili anywe maji au apige picha Jiwe la Bismarck, egemeo hilo limeondoka, naye amekalia chombo chenye upana wa sentimita 60 hivi.

Kinachokizuia chombo kisipinduke ni msukumo wa maji. Kikiinamia kulia, ubavu wa kulia huzama zaidi, msukumo huhamia huko na kukiinua. Ila hufanya kazi hiyo iwapo tu uzito wa aliyemo haujavuka pale msukumo ulipohamia. Ndiyo maana mgeni anayekaza mwili huanguka upesi: kayaki ikiinama, naye huinama nayo, kichwa kikatangulia nje. Legeza kiuno, chombo kicheze chini yako, kichwa kibaki katikati.

Ukitaka kupumzika, laza kafi likingame mbele ya kiuno, bapa moja likilala juu ya maji. Mkiwa wawili ni rahisi zaidi: kayaki zikae ubavu kwa ubavu, kila mmoja ashike ya mwenzake. Hapo mmepata chombo kimoja kipana, kwa hesabu ileile inayoifanya ngalawa ya Pwani itulie kwa mbao zake za pembeni. Wavuvi wa Igombe wenye mitumbwi hawana mbao hizo. Tazama mmoja anapoinama kuvuta wavu: mwenzake hurudi ubavu wa pili bila kuambiwa, magoti yamekunjwa, makalio karibu na sakafu.

Hata vyombo vikubwa havisamehe uzito uliozidi. Kivuko cha MV Nyerere, kilichopinduka Septemba 20, 2018 kikikaribia gati la Bwisya, Ukara, kiliruhusiwa kubeba abiria 101. Waliokufa peke yao walizidi 220.

Maji yaliyoingia ndani nayo ni adui, tena mjanja. Hayatulii, hukimbilia upande ulioinama na kuuzidishia uzito. Yachote kabla hujapumzika, na jaketi okozi usilivue hata ziwa likiwa shwari. Usijifiche kwenye matete pia: huko kuna viboko, na maji ya kina kifupi yana kichocho.

Halafu kuna upepo. Alfajiri mara nyingi hutoka nchi kavu na kukupeleka katikati ya ziwa. Alasiri hutoka ziwani na kukusukumia kwenye mawe. Kabla ya kulaza kafi, tazama sambamba na ufuo, chagua alama mbili zilizopangana, tuseme jiwe na mti ulio nyuma yake. Zikianza kuachana, unachukuliwa; shika kafi.