Faili Limekosekana: La Nani? (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tuliona namna ya kupiga Windows kwa flashi, kazi iliyoongezeka kwa mafundi wa Mwanza tangu msaada wa kawaida wa Windows 10 ulipokoma Oktoba 14, 2025. Leo tushughulikie lalamiko linalofuata. Kompyuta inawaka vizuri, lakini mteja akishafika nyumbani Igoma au Nyegezi na kufungua programu yake ya hesabu, kinatokea kisanduku kikisema VCRUNTIME140.dll haipo. Anarudi akiwa amenuna: fundi kaharibu.

Mara nyingi fundi hana kosa. Kabla ya kulitafuta faili, uliza ni mali ya nani. VCRUNTIME140 na mwenzake MSVCP140 ni ya kifurushi kiitwacho Visual C++ Redistributable, kinachotegemewa na programu zilizoandikwa kwa C++. Katika Windows ya zamani yalikuwepo kwa sababu programu nyingine zilikuja nayo. Diski ilipofutwa, nayo yakafutika. Pakua kifurushi hicho kwenye tovuti ya Microsoft yenyewe, usakinishe cha x86 na cha x64 pia, maana programu za biti 32 bado ni nyingi hata ndani ya kompyuta za biti 64.

Usipakue dll moja moja kutoka tovuti zinazozigawa bure. Huwezi kujua nani amelichezea faili hilo, na hata likiwa safi, wengi huliweka pasipo pake: katika Windows ya biti 64, mafaili ya biti 64 hukaa System32, na ya biti 32 hukaa SysWOW64. Aliyeyabuni majina hayo hakutuonea huruma.

Likiwa faili ni la Windows yenyewe, shuku flashi iliyopita mikono mingi, au zile Windows "nyepesi" zilizokatwakatwa na mtu asiyejulikana. Mimi sizipendi hata kidogo. Fungua Command Prompt kwa ruhusa ya msimamizi, andika kwanza:

DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth

kisha:

sfc /scannow

Ya kwanza hutengeneza ghala ambamo Windows huweka nakala zake. Ya pili huchukua humo kurudishia yaliyoharibika. DISM huweza kuvuta mafaili kwenye intaneti, na bando likalia. Aliye Nansio, ambaye kumrudia fundi ni kuvuka ziwa, aombe abaki na flashi halali ya toleo lilelile. Atachomeka, na kama flashi ni E, ataongeza mwishoni mwa amri ya DISM:

/Source:wim:E:\sources\install.wim:1 /LimitAccess

Namba 1 hubadilika kulingana na toleo lililosakinishwa, na flashi nyingine zina install.esd, hapo andika esd badala ya wim, mara zote mbili.

Ikigoma hata kuwaka na kuandika BOOTMGR is missing, chomoa flashi zote kwanza. Huenda inajaribu kuwakia kwenye flashi ya picha za harusi. Isipokuwa hivyo, washa kwa flashi ya Windows, chagua Repair your computer, halafu Startup Repair.

Lakini sfc ikikuta uharibifu mpya kila baada ya siku chache, acha kuilaumu Windows, ishuku diski. Hamisha picha na nyaraka zako leo leo. Toleo lijalo tutaipima diski.

Itaendelea.